Kugandisha si Kuivisha

Katika studio za muziki za leo kuna tendo linalofanyika kila siku, na Kiswahili bado hakijalipa jina. Fundi amepanga ala zake ndani ya kompyuta: ngoma, besi, kinanda, filimbi. Hakuna iliyopigwa kwa mkono wala kupulizwa kwa mdomo. Ameziongezea mwangwi hapa, mvumo pale, mpaka zikamridhisha. Sasa anataka kila ala iwe sauti iliyokamilika, mapambo yake yakiwa yameshikamana nayo. Anabonyeza mahali pamoja, anasubiri kidogo, basi. Amefanya nini?

Ukimuuliza atakujibu kwa neno la menyu. Kompyuta ikiwa ya Kiingereza, atalichukua neno la Kiingereza na kulitia ku- mbele. Ikiwa ya Kifaransa, atafanya vivyo hivyo kwa Kifaransa. Sina ugomvi na kukopa. Lugha iliyochukua meza kwa Wareno, sauti kwa Waarabu na shule kwa Wajerumani haioni haya kukopa. Lakini hapa kila programu imejitungia jina lake, na majina hayo hayapatani. Tukiyatafsiri neno kwa neno, Logic Pro inasema kudundisha papo hapo. Ableton Live inasema kugandisha, kisha kufanya bapa. Pro Tools inatumia kitenzi cha mtu anayejifunga kwa ahadi. FL Studio inasema kuunganisha. Anayehama programu moja kwenda nyingine hulazimika kujifunza upya jina la kitu anachokijua.

Kuna kasoro nyingine kubwa kuliko hiyo. Mengi ya majina hayo hayasemi jambo ambalo fundi analihitaji kuliko yote: nikishabonyeza, nitaweza kurudi nyuma? Kiswahili kinaweza kulisema hilo ndani ya kitenzi chenyewe, bila maelezo ya pembeni. Kwa sababu hiyo nakuomba, msomaji mwenzangu katika ulinzi wa lugha hii, tuyageuzegeuze maneno haya kabla ya kuyakubali.

Tuanze na ala. Ni neno la Kiarabu, na asili yake ni chombo cha kazi, chochote kile. Mitaani husemwa zaidi vyombo, na vyombo ni neno zuri ila limebeba mengi: sahani, meli, hata redio na magazeti. Ala imebaki kwa muziki karibu peke yake, isipokuwa ile ala nyingine, ya kisu, ambayo haina undugu nayo. Tuiache ala ifanye kazi yake. Kwa ala isiyo na mti wala ngozi, inayoishi ndani ya programu tu, tayari tuna kivumishi kilichozoeleka. Barua isiyo na karatasi tuliiita barua pepe, na hakuna anayeshangaa tena. Basi hii ni ala pepe.

Kila ala pepe hukaa kwenye safu yake ya mlalo katika skrini. Safu hiyo tuiite nini? Wapo wanaosema njia, lakini njia imechoka kwa kazi nyingi. Wapo wanaosema wimbo, nao wanaleta mkanganyiko, kwa maana wimbo mmoja utakuwa na nyimbo ishirini ndani yake. Hapa kwetu Kabongo, Katanga, ambako reli ya Kamina kwenda Kabalo inapita, mtu anaweza kushawishika kusema reli. Mimi nachagua mkondo. Mkondo ni wa maji, ni wa umeme, ni wa kitu kinachopita kikielekea mahali, na mikondo mingi inaweza kukutana ikawa mto mmoja bila mtu kuuliza imekutanaje. Ngeli yake nayo itatufaa baadaye: mkondo mbichi, mikondo mibichi.

Sasa tunafika kwenye neno gumu, sauti. Tukisema “kubadili ala kuwa sauti”, msikilizaji ana haki ya kuuliza: kwani haikuwa sauti tangu mwanzo? Niliisikia kwa masikio yangu!

Haikuwa. Ndani ya mkondo wa ala pepe hamna sauti hata chembe. Mna maagizo. Tangu mwaka 1983, utaratibu wa MIDI umeziwezesha ala za kielektroniki na kompyuta kupeana maagizo hayo kwa namna moja: bonyeza noti namba 60, kwa nguvu fulani katika mizani inayoishia 127, sasa iachie. Agizo la kubonyeza noti moja ni baiti 3. Sekunde moja ya sauti ya stereo kwa kiwango cha CD ni baiti 176,400. Ala pepe huyasoma maagizo hayo na kuitengeneza sauti upya kila unapocheza wimbo, kwa hiyo ukibadilisha ala, maagizo yaleyale yaliyokuwa kinanda yatakuwa zeze. Kinachofanana na sauti kwenye skrini ni ahadi ya sauti.

Waluba wa huku kwetu waliijua tofauti hii kabla ya kompyuta. Chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu wa ufalme wao, kilikuwa na lukasa: ubao wa mti unaoshikika kwa mkono mmoja, uliopangwa shanga na kombe na kuchongwa alama. Ubao hausemi. Aliyefunzwa hupitisha kidole juu ya shanga na kusimulia asili ya ufalme, safari za mashujaa, vyeo na miiko. Shanga ileile, kwa msimulizi mwingine na mbele ya watu wengine, huzaa maneno mengine. Lukasa ni maagizo, na msimulizi ndiye ala.

Mwaka 1952 mrekodi wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa na kuimba Masanga kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Alichoondoka nacho Tracey ni kitu cha namna nyingine kabisa. Hata kama Bosco angeupiga wimbo huo kwa vidole vingine kesho yake, utepe usingebadilika. Ile ni sauti: jambo lililotokea mara moja, likashikwa.

Kwa hiyo napendekeza tuache kusema mkondo wa ala na mkondo wa sauti kana kwamba ala haina sauti. Tuseme mkondo wa maagizo na mkondo wa sauti. Anayeanza kazi atauelewa mradi mzima kwa majina hayo mawili, na swali la “kwani haikuwa sauti?” halitazaliwa.

Kamina, makao makuu ya mkoa wetu, ina mfano wa safari ya kinyume, nami siwezi kuupita. Misa iitwayo Missa Luba iliadhimishwa humo kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, ikiimbwa na Les Troubadours du Roi Baudouin, kundi alilolianzisha Padri Guido Haazen. Haikuandikwa kwanza. Waimbaji waliibuni pamoja juu ya mitindo ya nyimbo walizozijua, ikarekodiwa, na noti zikachapishwa baadaye. Sauti ilitangulia, maagizo yakafuata. Kwaya za mbali zilipozishika noti hizo, yale ambayo waimbaji wa Kamina wangeweza kuyabadilisha Jumapili iliyofuata yakawa sharti. Anayedhani kuhama kutoka umbo moja kwenda jingine ni jambo la vifaa tu aisikilize rekodi ya waimbaji wa Kamina, kisha asikilize kwaya inayoimba kwa kufuata karatasi.

Turudi kwenye mapambo, kwa sababu tendo letu linahusu sauti pamoja na mapambo yake. Kamusi hutupa athari. Silitaki. Athari kwa Kiswahili cha kila siku ni za vita, za ukame, za pombe. Ukimwambia mwimbaji kwamba sauti yake imewekewa athari, atakuuliza amekosa nini. Madoido yana raha yake, ila yananong’ona kwamba kilichoongezwa hakikuwa cha lazima. Mwangwi mdogo juu ya sauti ya mwimbaji mara nyingi ni wa lazima kabisa. Vionjo ni neno la redio, na linabaki kwenye ulimi wa anayeonja, wakati sisi tunamtafuta anayepika.

Nachagua vikolezo. Kukoleza ni kutia kitu mpaka ladha, rangi au moto ufikie kiwango. Kitenzi hiki kina kipimo ndani yake: kuna kilichokolea, kuna ambacho bado, kuna kilichozidi. Hicho hasa ndicho anachokifanya fundi akizungusha kitufe huku ameinamisha kichwa. Tutasema kikolezo cha mwangwi, mkondo umekolea, punguza, umezidi. Na sauti ambayo haijatiwa chochote, ambayo Wafaransa na Waingereza huiita kavu, sisi tusiiite hivyo, maana sauti kavu kwetu ni ya mtu mwenye kiu au mwenye hasira. Ni sauti mbichi.

Mwangwi wenyewe unahitaji kugawanywa. Tumelitumia neno hili kwa vitu viwili: sauti inayorudi ikijirudia, kama ukiita mbele ya mwamba, na sauti inayotanda na kufifia taratibu, kama ukiimba ndani ya kanisa tupu. Ya kwanza iendelee kuwa mwangwi. Ya pili naiita mvumo. Wengine watapenda mrindimo, lakini mrindimo una ngoma na radi ndani yake, na ukumbi mtulivu haurindimi.

Sasa vitenzi.

Kudundisha tukikatae mapema. Kilitoka enzi za utepe wenye mikondo minne: fundi alijaza mitatu, akaichanganya yote kwenda kwenye wa nne, kisha akaifuta ile mitatu apate nafasi. Sauti ilionekana kama imedunda kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na jina likashika. Kwa Kiswahili kudunda ni kwa moyo, kwa mpira na kwa hundi isiyo na fedha. Tena studioni mdundo umekwisha kuwa na kazi yake, ni uti wa wimbo. Fundi akisema “nadundisha ngoma”, nani atajua anapiga au anahifadhi?

Kubadili na kugeuza ni maneno yasiyo na kosa, na hayana msaada pia. Kila kitu kompyutani hubadilika. Kunasa kumetupa kinasa sauti, na ni kitenzi kizuri cha mtego, ila mtego hukamata kinachopita nje, na hapa hakuna kinachopita nje. Programu inaandika ilichokitengeneza yenyewe. Kupakua kungefaa sana, kwa sababu ni kukitoa chakula chunguni kilicho tayari kuliwa, lakini intaneti imekwisha kukichukua.

Kilichobaki ni kugandisha, na hapo nataka tukae.

Nimeona hapa Kabongo kompyuta ndogo, inayokula umeme wa sola, ikibebeshwa wimbo wa kwaya. Ilipoongezwa ala pepe ya nne, sauti ilianza kukatikakatika na feni ikavuma kuliko besi. Fundi akauchagua mkondo wa nyuzi, akaugandisha. Rangi yake ikapauka, noti zake zikafifia zisiguswe, na wimbo ukaanza kwenda sawa. Programu ilikuwa imeuandika mkondo ule kama sauti katika faili ya pembeni, vikolezo vikiwa ndani, ikaipumzisha ala pepe isifanye hesabu upya kila sekunde. Maagizo hayakupotea. Alipotaka kurekebisha noti moja, aliufungua mkondo, noti zikarudi na rangi zake, na mzigo ukarudi nao.

Kugandisha kunalisema jambo hili vizuri. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita, mafuta ya mawese huganda ndani ya chupa. Ni mafuta yaleyale, ila hayamwagiki mpaka upate jua. Na kama kuna kugandisha, kuna kugandua. Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha nguvu yake. Sisi tuna kauli ya kutendua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Ziba, zibua. Anika, anua. Silabi moja inatuambia kwamba tendo lina mlango wa kurudi. Kiluba nacho kina kauli hiyo, kwa -ula, kwa hiyo mtu wa Kabongo hahitaji kufundishwa, ameinyonya.

Msomaji makini atanipinga: kilichoganda kwa baridi huyeyuka, hakiganduki. Ni kweli kwa mawese. Lakini kuyeyusha ni kukipotezea kitu umbo, na noti zetu haziyeyuki. Zilikuwa zimenaswa, sasa zinaachiliwa. Kugandua ni kukitoa kilichonata bila kukiharibu. Ndilo neno.

Basi kugandisha kubaki kwa tendo linalorudika, na kwa hilo tu. Atakayesema “nimegandisha” awe ametupa ahadi kwamba anaweza kugandua.

Kwa tendo la pili, lile ambalo maagizo yanaondoka na sauti inakaa mahali pake pamoja na vikolezo vyake, tunahitaji kitenzi kisicho na -ua. Vipo vingi, na kuvitafuta ni raha yenyewe. Saga: hakuna unaporudi mahindi. Chinja. Pika. Choma ni cha ajabu, kwa sababu kipo mara mbili. Choma ya mwiba ina chomoa. Choma ya moto haina. Wanaosema kuchoma CD wametumia ile ya moto, na walikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa CD ya kawaida ikishachomwa haichomoki.

Ningeweza kupendekeza kuchoma, lakini kuna neno bora zaidi: kuivisha. Kitu kikishaiva hakiwi kibichi tena, na hakuna kitenzi katika lugha yetu kinachodai kinaweza kukirudisha. Wakati huohuo kuiva si hasara kama kuungua, ni kufika. Fundi akiivisha mkondo, ameamua kwamba mvumo huu ndio, besi hii ndiyo, tusonge mbele. Na kwa kuwa tumekwisha kuiita sauti isiyokolezwa mbichi, jozi inajifunga yenyewe. Tunayo mbichi, tunayo mbivu, na kila Mswahili anajua maana ya kutenganisha mbivu na mbichi.

Kuna anayeniuliza kwa nini si kuvumbika, maana ndizi na maembe huvumbikwa ili yaive. Nimeupima mshale huo pia. Vumbika ina mwenzake, vumbua, na huyo amepanda cheo mpaka kuwa mgunduzi wa mabara na dawa. Kwa kuwa vumbika ina mwenzake wa kutendua, haifai hapa. Fundi mgeni angetumaini kuuvumbua mkondo wake, akaambulia patupu.

Ona sasa jinsi maneno haya mawili yanavyoweza kumlinda mtu. Kijana wa kwaya anaambiwa na mwenzake: “Gandisha nyuzi, lakini usiziivishe bado, padri anaweza kutaka tushushe ufunguo.” Amri hiyo haihitaji mwalimu. Kuhamisha ufunguo wa noti zilizo kwenye maagizo ni kazi ya sekunde chache. Kuuhamisha mkondo mbivu kunawezekana, ila sauti hupoteza uasili wake, na mvumo uliokwisha kushikamana nayo hupindishwa pamoja nayo. Kwa hiyo mwenye busara, kabla ya kuivisha, hunakili mkondo wa maagizo na kuunyamazisha. Nakala hiyo haina haja ya istilahi mpya. Ni akiba, na akiba inatosha.

Yapo mawili madogo yanayofuatana na kuivisha. La kwanza ni mkia. Noti ikiisha, mvumo wake bado unafifia, na programu isipoambiwa isubiri huukata palepale, kama mlango uliopigwa kwa upepo. Mkia ni neno lililo tayari, lisiguswe: acha sekunde mbili za mkia. La pili ni kile kikolezo kimoja kinachotumiwa na mikondo mingi kwa pamoja, ambacho mara nyingi hakiingii ndani ya sauti unapouivisha mkondo mmojammoja. Nakiita kikolezo cha shirika. Shirika ni neno la zamani la kumiliki kwa pamoja, kabla makampuni hayajalichukua, na hapa linarudi nyumbani kwake.

Linabaki neno la kusafirisha kazi. Aliye Kabongo akitaka wimbo wake ukachanganywe Lubumbashi, hana sababu ya kupeleka mikondo yote mmojammoja. Huikusanya kwa jamaa zake: ngoma zote pamoja, nyuzi zote pamoja, waimbaji wote pamoja. Kiingereza huuita kila mkusanyiko shina, na tukitafsiri hivyo tutaulizwa mti gani una mashina matatu. Kiswahili cha sokoni kina fungu: karanga huuzwa kwa fungu, samaki kwa fungu, na kila fungu hujitegemea huku likiwa sehemu ya mali moja. Mafungu yote yaanze kwenye nukta ileile ya mwanzo wa wimbo, hata kama waimbaji wanaingia dakika ya pili, la sivyo hayatakutana yakifika. Na kwenye jina la kila faili fundi aandike hali yake, “ngoma, fungu bivu”, “waimbaji, fungu bichi”, ili anayelipokea ajue kabla hajalifungua kama mvumo umo ndani au anapaswa kuutia yeye.